Fundi, jiko langu la umeme lina nini?

Maswali ya majiko ya umeme yamekuwa mengi, na mengi yanaanza kwa kulilaumu jiko. Nayajibu nikianzia ukutani, kwa sababu huko ndiko nakokuta ugonjwa mara nyingi zaidi kuliko ndani ya jiko lenyewe.

Nimenunua jiko la pleti nne na oveni. Limekuja na waya mtupu, halina plagi. Fundi anasema atalifungia plagi ya kawaida tuchomeke pale lilipokuwa friji. Tuendelee? (Msomaji, Mbezi, Dar es Salaam)

Mwambie asubiri. Kiwanda hakikusahau plagi. Plagi yetu ya pini tatu bapa inabeba ampea 13, yaani wati 3,000 hivi. Sasa geuza jiko utazame kile kibati cha nyuma. Majiko ya aina hiyo mara nyingi yanaandikwa wati 6,000 na zaidi. Ukiwasha oveni na pleti mbili za wali na mchuzi, soketi ya friji umeshaizidi.

Jiko hilo linataka njia yake peke yake kutoka kwenye bodi: kebo ya milimita 6 za mraba, breka ya ampea 32, na swichi kubwa ya jiko ukutani. Swichi ikae pembeni, mahali unapoifikia bila kupitisha mkono juu ya pleti. Siku mafuta yakishika moto utajua kwa nini nasema hivyo. Kama jikoni ni mbali na bodi au jiko ni kubwa zaidi, fundi apande hadi kebo ya 10. Usishtuke ukijumlisha wati zote ukakuta zinaizidi hiyo breka ya 32, kwani themostati, kidhibiti cha joto, hukata na kurudisha, na si rahisi kila kitu kuvuta umeme wote kwa wakati mmoja.

Utamsikia mtu akisema, “Bosi, waya wa 2.5 unatosha, nimefunga nyumba nyingi.” Huo ni waya wa soketi. Kwa jiko utafanya kazi, kisha utaanza kupata moto ndani ya ukuta usikouona, na ganda lake litakauka na kupasuka. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA. Walioko Kenya waulizie ya EPRA.

Jiko jipya kutoka Ulaya, limefungwa vizuri na kebo nene, lakini pleti mbili tu ndizo zinazowaka. Oveni haijawahi kupata moto hata siku moja. Dukani wanakataa kulipokea. (Msomaji, Arusha)

Usiligombanie bado. Nyuma ya jiko, kwa chini, kuna kisanduku cha maungio chenye skrubu zilizoandikwa L1, L2, L3 (za nyaya zenye umeme, yaani fezi), N (nyutro, waya wa kurudi) na alama ya ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini). Majiko mengi ya Ulaya yametengenezwa yaweze kupokea fezi tatu au fezi moja. Nyumba yako ikiwa ya fezi moja, kama zilivyo nyingi, L1, L2 na L3 lazima ziunganishwe kwa vile vipande vidogo vya shaba vinavyokuja na jiko, wakati mwingine kwenye kimfuko kilichobandikwa ndani ya oveni na kutupwa pamoja na karatasi. Fundi wako inaelekea alifunga L1 akaishia hapo, kwa hiyo theluthi moja ya jiko ndiyo inayopata umeme. Mchoro wa namna ya kuunganisha huwa umebandikwa karibu na kile kifuniko.

Azime breka, apime kwa testa, ndipo afungue. Shaba zikipotea, atafute za unene uleule, asifunge kijiwaya. Na mwenye nyumba ya fezi tatu asiige jibu hili: kwake shaba hizo zitoke kwenye L zote, vinginevyo fezi zitakutana na utasikia mlio.

Oveni nilikaa miezi bila kuitumia. Sasa nikiiwasha tu, swichi kuu inakata nyumba nzima. Pleti za juu hazina tatizo. (Msomaji, Tanga)

Watu wa pwani, hili ni lenu. Ndani ya bomba la koili ya oveni kuna unga mweupe unaoutenganisha waya wa moto na chuma cha nje. Unga huo hunyonya unyevu wa hewa kupitia ncha za koili. Oveni ikikaa bila kuwashwa, hasa kwa hewa ya chumvi, umeme kidogo huanza kuvuja kwenda kwenye bati, na ile swichi ya bodi yenye kitufe kilichoandikwa T inahisi na kukata. Inafanya kazi iliyonunuliwa kufanya.

Fundi aitenge koili na kuipima kwa mega, kile kipimo cha kuvuja kwa umeme. Mita ya kawaida inaweza kusema koili ni nzima, na ni kweli waya wa ndani ni mzima, ila hapo tatizo ni ule unga unaoutenganisha na chuma. Koili yenye unyevu tu ikitolewa na kukaushwa mara nyingi hupona. Iliyopasuka au yenye kutu kwenye ncha, nunua nyingine yenye wati zilezile na umbo lilelile. Ukishafanikiwa, iwashe oveni walau dakika chache kila baada ya wiki kadhaa hata kama huna cha kuoka. Na fundi akipendekeza akuondolee hiyo swichi “inayosumbua”, mpe nauli arudi kwao.

Nikigusa sufuria nikiwa peku, nasikia kama natekenywa na umeme. Nikivaa ndala haipo. (Msomaji, Mwanza)

Zima kwenye bodi, leo. Kuna umeme unaovuja, na waya wa ethi, ule wa kijani na njano, ama haukufungwa kwenye jiko, ama umefungwa lakini hauendi kokote kwa sababu nyumba haina fimbo ya ethi ardhini au imeoza. Nimekuta nyumba nzuri, vigae mpaka darini, lakini ethi imekatwa ikakunjwa ndani ya ukuta. Tengeneza ethi kwanza, halafu itafutwe sehemu inayovuja. Ndala si matengenezo, na siku ukikanyaga maji hazitakusaidia.

Umeme ulikatika usiku. Uliporudi, oveni haipati moto kabisa, ila taa yake inawaka na saa inamweka sifuri. (Msomaji, Dodoma)

Seti saa. Oveni nyingi za saa ya dijitali hukataa kupasha hadi ziambiwe ni saa ngapi. Kwa kawaida unabonyeza vitufe viwili vya kati kwa pamoja, au kile chenye picha ya mkono, kisha unapandisha kwa alama ya kujumlisha. Kuna watu wamelipia hii kama matengenezo.

Asubuhi chai inachemka upesi. Jioni, jiko lilelile, wali unachukua muda mrefu mpaka unakuwa bokoboko. Koili imechoka? (Msomaji, Kigamboni)

Koili iliyochoka haiponi asubuhi. Umeme wako unashuka jioni watu wote wakiwasha. Kinachowasumbua wengi ni kwamba nguvu ya koili haishuki sawasawa na volti, inashuka zaidi: volti 230 zikiwa 180, pleti ya wati 1,500 inabaki na wati 900 na kidogo. Fundi apime soketini saa mbili usiku, muda wa tatizo, asipime saa sita mchana. Kama ni chini jioni tu, apime pia karibu na mita. Hapo nako zikiwa chini, ripoti TANESCO. Zikiwa sawa kwenye mita na mbovu jikoni, kuna kiungo kilicholegea au waya mwembamba katikati, na kiungo hicho kinapata moto. Ile stebilaiza ya friji usiichomekee jiko.

Kweli jiko la umeme linamaliza LUKU? (Wengi)

Inategemea unapika nini. Pleti ya wati 1,500 ikiwaka mfululizo saa mbili ni uniti tatu. Lakini maharage yakishachemka, ukipunguza na kufunika, hayahitaji moto huo wote. Maji yanayotokota kwa fujo hayana joto kuliko yanayotokota taratibu. Maharage hayo kwenye presha kuka ya umeme hayafiki uniti moja, kwa hiyo mimi ningeliachia jiko wali, mchuzi na kuoka. Angalia pia daraja lako: kama uko kwenye matumizi madogo, yale yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, jiko linaweza kukutoa humo, na bei ya uniti kule juu ni karibu mara tatu.

Niko Houston, narudi Moshi kwa kontena. Nije na jiko langu? Lina volti 240 kama huko. (Msomaji, Marekani)

Liuze hukohuko. Nyumba ya Marekani inapokea nyaya mbili zenye umeme, kila moja volti 120 ukipima na nyutro, na 240 ukipima zenyewe kwa zenyewe. Koili zako zinatumia 240, kwa hiyo huku zingewaka. Lakini taa ya oveni, saa na bodi ya vidhibiti mara nyingi vinategemea ile 120 ya waya mmoja na nyutro, na huku vitapewa karibu mara mbili yake. Hata ukipata transfoma, umeme wetu ni hezi 50, yaani mapigo 50 kwa sekunde, wenu ni 60. Saa za zamani zinazohesabu mapigo hayo zitakuwa zinachelewa dakika kumi kila saa. Na bodi ikiungua Moshi, spea utaiagiza kutoka ulikotoka.

Jiko la juu ya kioo linakwanguka. Na sufuria zangu nyingine haziwaki kabisa. (Msomaji, Unguja)

Kama kuna zisizowaka kabisa, hilo ni jiko la indaksheni, linalopasha kitako cha sufuria kwa nguvu ya sumaku. Weka sumaku chini ya sufuria: isiponata, jiko halitaiona, ndiyo maana zile za alumini zimekataa. Mikwaruzo inatoka kwenye sufuria zenye kitako kibaya zinazoburutwa, na chembe za mchanga chini yake, inua, usiburute. Sukari, jamu au maziwa ya tambi yakimwagika, zima na kwangua yangali moto kwa kikwangulio cha wembe, maana yakipoa yanashikana na kioo na kukibandua. Kioo kikipata ufa, zima kwenye swichi ya ukutani, si kwa kidole juu ya jiko, na usipikie tena hadi kibadilishwe.