Jibu: P0302 na oili inayovuja, anza juu kabla ya kushusha giaboksi

Ndugu, usimruhusu fundi ashushe giaboksi bado. Umesema taa ya injini inawaka, mashine ya kupimia imesoma kodi ya hitilafu P0302, gari linatetemeka likiwa limesimama, na oili inadondoka pale injini inapoungana na giaboksi. Fundi anadai ni sili ya nyuma ya krenki (kizuizi cha oili kinachofikiwa kwa kushusha giaboksi). Inawezekana, ila mimi ningeanzia juu.

P0302 maana yake silinda namba 2 inamisi, yaani haichomi mafuta sawasawa. Chomoa koili yake (inayoipa plagi umeme), mulika tochi kwenye shimo la plagi. Ukikuta plagi imeoga oili, gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) imechoka, na huenda shida zote mbili zinatoka hapohapo: oili ikitokea nyuma ya kava huteremka ubavuni mwa injini hadi kwenye ule mwungano, nawe uliyelala chini ya gari utaapa ni sili. Shimo likiwa kavu, badilishana koili ya 2 na ya 4, futa kodi ya hitilafu kwa mashine, endesha. Ikija P0304 (silinda namba 4), koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, geukia plagi, nozeli ya kunyunyizia mafuta, kisha pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda).

Injini chafu itakudanganya. Isafishe ikiwa imepoa, endesha kidogo, halafu fuata oili mbichi hadi inapoanzia juu kabisa. Kagua pia valvu ya PCV (inayotoa mivuke ndani ya injini), ambayo mafundi wengi huiruka: ikiziba, presha ya ndani hupanda na kusukuma oili hata kwenye sili mpya.

Tupia picha ya hilo shimo ukishafungua.