Ukifa, Pisha Mwenzio

Mwaka 1998 nilikuwa darasa la tano, Tanga. Banda la gemu la mtaani kwetu lilikuwa na televisheni moja, pedi mbili, na sheria moja iliyoandikwa ukutani kwa chaki: ukifa, pisha mwenzio. Sarafu ya shilingi 50 ilikupa roho tatu za Pac-Man, gemu ya kula vidoti kwenye vichochoro huku vizuka wakikukimbiza. Mtoto wa mwenye duka roho tatu, mtoto wa muuza maji roho tatu.

Gemu hiyo ilitoka Japani mwaka 1980, ikabuniwa na Toru Iwatani wa kampuni ya Namco. Sisi tulijua tu kwamba vizuka wanne wanatuonea. Kumbe kila mmoja ana tabia yake. Mwekundu anakufuata ulipo. Wa pinki analenga mbele ya uso wako akukate njia. Wa rangi ya chungwa anakujia, akishakaribia anageuka kurudi konani kwake. Kijana mmoja, fundi baiskeli, alikaa siku nyingi akitazama wengine wakicheza, na alipopata sarafu tulichoka kumsubiri afe. Tangu hapo, nikiona nimeonewa mahali, kwanza nachunguza utaratibu wa pale ukoje. Mara nyingine ni uonevu kweli. Mara nyingine ni njia ambayo wenzangu wameisoma na mimi sijaisoma.

Ila uonevu kweli nao ulikuwepo palepale bandani. Wakubwa wakifa, maandishi ya chaki hayakuwahusu. Walishikilia pedi, na mdogo aliyekuwa zamu anarudi nyuma. Mimi nilinyamaza, kwa sababu zamu yangu haikuguswa.

Nilinyamaza tena miaka ishirini baadaye, nikiwa katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Mama mmoja muuza maandazi alichelewesha rejesho wiki moja, mtoto wake amelazwa. Katiba yetu ilisema faini ni shilingi 2,000. Kikao hichohicho viongozi wakaipandisha kuwa 10,000, wakaanza naye. Niliandika kwenye daftari kwa mkono wangu. Alilipa bila kusema neno, na mwezi uliofuata hakuja.

Kama uko kwenye kikundi, tafadhali shikilia hili: faini mpya ianze kikao kijacho, isiwakute watu ambao tayari wamekosa. Isomwe kwa sauti wote wakiwepo. Kisha mtu aulize waziwazi kama mwenyekiti naye akichelewa atatozwa hiyohiyo. Mashine ya gemu haijali aliyeshika pedi ni nani. Sisi tunajali mno, kwa hiyo lazima swali hilo liulizwe.

Kuna gemu nyingine niliyoijua ukubwani, kwenye kompyuta: Missile Command ya Atari, nayo ya mwaka 1980, kazi ya Dave Theurer. Una miji 6 ya kulinda dhidi ya makombora ya adui, na vituo 3 vya kuyadungua, kila kimoja makombora 10 kwa kila awamu. Adui haishi, anazidi kuja kwa kasi. Hakuna kushinda. Unachoamua ni mji upi uuache uungue, na unaamua kwa sekunde, huku mkono unatetemeka.

Mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kikundini, uko hivyohivyo. Wiki moja zinakuja shida tatu, msiba, mgonjwa na ada ya shule, na pesa inatosha moja. Mkianza kupanga hapo, atapata mwenye ndugu wengi kikaoni. Pangeni mapema, siku ambayo hakuna mwenye shida na hakuna anayejua ya kwake itakuwa ipi. Sisi tuliandika: matibabu kwanza, msiba pili, ada mwisho. Mwaka jana mwenzetu alikosa ada kwa ajili ya mgonjwa wa mwingine. Tulimfungulia ukurasa akasoma sahihi yake mwenyewe. Alikasirika, na bado yuko nasi.

Kuhusu yule mama, nililipeleka jambo lake kikaoni, nikasema na mimi nilikosa. Kikundi kikakubali arudishiwe 8,000. Nilimpelekea mwenyewe alfajiri, akiwa jikoni mbele ya karai. Alizipokea, akazihesabu, akanifungia maandazi manne kwenye gazeti. Kikundini hajarudi.