Karavani Si Lori: Jinsi Nilivyoiosha Yangu Hadi Ikaoza

Juma lililopita dada mmoja wa Fort Portal, Uganda, ambaye anatayarisha kambi ndogo ya wageni kando ya ziwa moja la kreta, aliniandikia akiuliza ni sabuni gani ninayotumia hadi karavani yangu, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, ikang'aa namna ile. Swali lilinifurahisha, wala sitajifanya mnyenyekevu: karavani hiyo ilitoka kiwandani Uingereza mwaka 1996, na wageni wawili wa Kiholanzi waliolala humo mwezi wa Julai walidhani ni ya juzi tu. Lakini swali la sabuni ndilo nililoanza nalo mimi pia, miaka minne iliyopita, na jibu nililojipa lilinigharimu karibu shilingi milioni 3.

Nimeendesha malori ya trela kati ya Mombasa na Kampala kwa miaka 22. Dereva wa masafa marefu huosha gari kwa mashine ya presha, sabuni ya unga na nguvu za vijana, na lori halilalamiki. Nilipostaafu nikainunua karavani hii kwa mmisionari mmoja aliyekuwa akirejea kwao, niliivuta kutoka Entebbe hadi Jinja, na kwa kuwa ilikuwa imejaa vumbi jekundu niliipitisha kwanza kwenye kituo cha kuoshea magari nilichokizoea. Vijana wakaishambulia kwa presha, mdomo wa mashine ukiwa shubiri moja tu kutoka kwenye maungio ya bati. Ulimbo wa fenesi ulioganda madirishani wakaufuta kwa petroli. Mimi nilikuwa nimeketi na chai yangu, nikijiona tajiri, na walipomaliza nikawaongezea elfu tano za soda.

Wiki mbili baadaye madirisha yalitokeza nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Hayo si kioo, ndugu zangu, ni plastiki ya akriliki, na petroli, spiriti au tina ya kuyeyushia rangi huipasua kutoka ndani, kwa hiyo hakuna polishi itakayoirudisha. Mvua za Machi zilipoanza, ukuta wa upande wa kitanda ukawa unabonyea chini ya kidole gumba. Fundi alipofungua bati, mbao za ndani zilimong'onyoka mkononi mwake kama muhogo uliovundikwa. Nilirudi kwa mwenye kituo kulalamika, naye akanijibu mbele ya watu kwamba mwenye karavani ndiye aliyeileta na ndiye aliyetazama. Alisema kweli, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Nililokuwa silijui ni kwamba karavani nyingi za umri ule ni nyumba nyepesi iliyoungwa kwa gundi na skurubu: karatasi ya alumini nje, povu jepesi la plastiki katikati, mbao na plaiwudi ndani, na kinachozuia maji ni ukanda wa mastiki, ile gundi laini ya kuzibia, kwenye kila ungio. Maji ya mvua huteremka juu ya ungio na kwenda zake, lakini maji ya presha huchimba. Mahali pabaya kuliko pote ni ile reli ndefu ya kuning'inizia turubai la kivuli, kwa sababu imefungwa kwa safu ya skurubu, na kila skurubu ni tundu linalosubiri mastiki izeeke. Jua letu la ikweta, ambalo halina likizo, huikausha mapema.

Basi msitumie presha. Mimi sasa huosha alfajiri, kabla jua halijaipata bati, kwa sababu sabuni ikikaukia juani huacha madoa. Huanza na paa, maana ile michirizi myeusi inayowakera watu ubavuni ni uchafu wa paani unaoteremka na mvua, na asiyepanda ngazi atasugua ubavu maisha yake yote. Paani sikanyagi, hutumia brashi laini yenye mpini mrefu. Vumbi letu jekundu lina chembe za mchanga, kwa hiyo humwaga maji mengi kwanza kabla ya kugusa chochote kwa sponji, hasa madirisha. Wadudu wa ziwani wanaotanda Jinja hulowekwa kwa kitambaa chenye maji, hawakwanguliwi. Kinyesi cha kaloli, yule korongo mkubwa mla taka, kiondolewe siku hiyohiyo, kwani hula rangi. Ulimbo wa fenesi hutoka kwa mafuta ya kupikia, kama mama zetu wanavyosafisha mikono, kisha sabuni. Na presha, narudia, hapana.

Kuosha kwenyewe ni kazi ndogo. Kazi ni kukagua. Kila mwisho wa Februari na mwisho wa Agosti, kabla ya misimu ya mvua, mimi hupitisha kidole kwenye kila ungio, na palipopasuka hukwangua na kujaza upya mastiki ya butili, ile isiyokauka ikawa ngumu. Fundi wangu wa kwanza alitaka kupaka silikoni ya bafuni. Nilikubali, nikajuta, kwa sababu inapobanduka huacha utelezi ambao hakuna kitu kingine kinachoshika juu yake. Baada ya hapo hupaka nta ya gari, mara mbili kwa mwaka, mbele na nyuma hasa, kwa kuwa huko ni faibaglasi, nayo ikiachwa juani hupauka na kutoa unga mweupe.

Wengi wenu mnaoota kambi kama yangu mnataka picha ya kung'aa, lakini hamtaki ngazi. Mnanunua polishi ya bei ghali huku ukuta ukinywa maji. Jengeni kwanza kibanda cha mabati chenye nguzo sita, kisicho na kuta ili hewa ipite, wala msifunike karavani kwa turubai la plastiki linalofungia unyevu na kusugua rangi kila upepo unapovuma.

Dada yangu wa Fort Portal, sabuni yenyewe ni shampuu ya kawaida ya magari, ile isiyoondoa nta, katika ndoo ya lita 10. Kabla hujainunua, ng'oa ule ukanda wa plastiki unaofunika skurubu za reli, unitumie picha ya kutu utakayoikuta humo.