Uliyejiajiri, hesabu miezi kabla ya kuhesabu shilingi: jibu la fundi wa Keko

Wakuu salaam.

Dada aliyeleta mada ameuliza hivi: ana miaka 38, ana saluni Mabibo, akishatoa kodi ya fremu, umeme na posho za wasichana wake wawili anabaki na wastani wa laki nne kwa mwezi. Anataka kujua uzeeni atakula nini, na aanze na lipi kati ya kuchangia NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) kwa hiari, kununua vipande vya UTT (sehemu za mifuko ya uwekezaji wa pamoja), au kujenga vyumba vya kupangisha. Wengi waliotangulia wamemwambia ajenge. Naomba nimjibu kwa urefu kidogo, maana jambo hili nimeliishi. Mimi ni fundi seremala, nina miaka 53, na karakana yangu iko Keko, Dar es Salaam, tangu 2004.

Nianze na mzee aliyenifundisha kazi. Sasa ana miaka 73. Kila asubuhi anapanda daladala kuja karakanani kwangu, anakaa kwenye kigoda pale mlangoni penye mwanga, na ninampa miguu ya viti apige msasa. Macho yake hayaoni vizuri tena, kwa hiyo anatumia kidole gumba. Anakipitisha kwenye mguu wa kiti kuanzia juu mpaka chini, akisikia mkwaruzo anarudi palepale na msasa, kisha anakipitisha tena. Mguu anaoutoa yeye huwezi kuukosoa. Huyu mzee alikuwa na mafundi tisa chini yake, alitengeneza makabati ya watu wakubwa mjini hapa, na fedha nyingi ilipita mikononi mwake kuliko itakavyowahi kupita mikononi mwangu. Watoto wake wanampenda, wanampigia simu kila wiki, lakini nao wana kodi zao na ada za wajukuu. Wanachotuma kinaishia kwenye dawa za presha. Anakuja kupiga msasa kwa sababu asipokuja hali.

Kwa hiyo mtu akisema "watoto ndio pensheni", mimi namtazama yule mzee na siwezi kukubali.

Sasa kosa langu mwenyewe. Kuanzia 1998 hadi mwisho wa 2003 niliajiriwa kwenye kiwanda cha samani, na miaka yote sita nilikatwa michango ya NSSF. Nilipoacha kazi nikaenda kuchukua fao la kujitoa, fedha yote, nikanunua mashine ya randa ya mtumba. Nilijiona mjanja. Mashine ilinisaidia kweli, siwezi kuisema vibaya. Ila hakuna aliyenieleza kwamba pamoja na fedha ile nilikuwa nimechukua miezi 72 nikaitupa. Nilirudi NSSF mwenyewe, kwa hiari, Januari 2011, nikaanza upya kutoka moja.

Dada, hapa ndipo penye jibu langu kwako. Ili upate pensheni ya uzee ya kila mwezi kutoka NSSF, unatakiwa uwe umechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Umri wa kustaafu kwa hiari ni 55, wa lazima ni 60. Asiyefikisha 180 analipwa kwa mkupuo, na mkupuo tunajua unavyokwisha. Wewe una 38. Ukianza mwezi huu bila kuruka, unatimiza 180 ukiwa na 53, tena unabakiwa na nafasi ya kuyumba. Mtu wa 45 akianza leo anatimiza akiwa na 60, hana hata mwezi mmoja wa kuchezea. Shilingi unaweza kuongeza baadaye biashara ikichangamka. Miezi iliyopita huwezi kuinunua. Ndiyo maana naona watu wanaobishana kipi kina faida kubwa wanaanzia mahali pasipofaa.

Mpaka mwezi uliopita mimi nina miezi 163. Kama nisingejitoa kule nyuma ningekuwa na 235. Nina daftari la kaunta ninaloandika kila mchango, na katikati kuna miezi 14 iliyo mitupu: mke wangu alipofanyiwa upasuaji, mwaka ambao wateja walikauka, na mara mbili ni uzembe tu. Namshukuru Mungu, nikiendelea hivi nitafika 180 mwaka 2027, mwaka ninaotimiza 55.

Kuna ndugu hapo juu ameandika kwamba NSSF ni kujipeleka kwenye kikokotoo, yaani ile kanuni ya kukokotoa mkupuo na pensheni ya mstaafu. Naelewa hasira yake. Mabadiliko yake ya 2018 na yale ya 2022 yaliwaumiza watu waliokuwa wamepanga kujenga kwa mkupuo. Lakini mimi na huyu dada hatutafuti mkupuo mkubwa. Tunatafuta kitu kinachoingia kila mwezi mpaka tunaingia kaburini, kisichotegemea kama nimeweza kuinua ubao siku hiyo. Ukichangia kidogo utapata kidogo, hilo ni kweli, na ndiyo maana kila nilipopandisha bei ya kitanda nilipandisha na mchango. Mwaka 2004 kitanda cha mninga cha tano kwa sita nilikiuza laki na ishirini. Leo fedha hiyo hainunui hata mbao zake. Anayechangia kiwango kilekile miaka kumi na tano anajipunja.

Namna ya kuipata hiyo fedha ya mchango ndiyo shida ya sisi tuliojiajiri, maana hatuna mhasibu wa kutukata. Ukisubiri mwisho wa mwezi uone kilichobaki, hakibaki kitu. Mimi nilijiwekea utaratibu huu: kila kazi inayotoka karakanani, bei ya ubao mmoja si yangu. Mteja akimalizia malipo, kabla sijamlipa hata kijana wa vanishi, bei ya ubao mmoja inakwenda kwenye laini nyingine ya simu ambayo hakuna anayenitumia wala kunipigia. Tarehe 28 nachukua namba ya kumbukumbu ya malipo nalipia palepale kwenye simu. Wewe wa saluni fanya kwa vichwa. Kichwa cha kwanza cha Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kiwe cha uzeeni. Kama kuosha na kuseti ni elfu tano, tayari una elfu sitini kwa mwezi, na hutasikia maumivu kwa sababu hukuwahi kuihesabu kuwa yako.

Vipande je? Vizuri, na mimi ninavyo, ila niliviweka mahali pake. Mifuko ya UTT AMIS iko kadhaa. Umoja ndio wa kwanza, ulianza 2005. Wa Ukwasi ndio ulioniokoa. Mingi ya ile miezi 14 mitupu ilitokea kwa sababu kila nilipopata dharura nilichomoa fedha ya mchango. Mwaka 2019 nilianza kuweka akiba ya dharura kwenye Ukwasi, kwa sababu ukiomba fedha yako unaipata ndani ya siku chache. Tangu hapo sijaruka hata mwezi mmoja. Kijana wangu alivunjika mguu 2022, nikauza vipande, nikalipa hospitali, mchango wa NSSF ukaenda kama kawaida. Kwa hiyo usiulize NSSF au vipande. Vipande vya dharura ndivyo vinavyoilinda miezi yako isikatike.

Ukishatulia kwenye hayo mawili, ndipo uangalie hatifungani za Serikali, yaani unaikopesha Serikali fedha nayo inakulipa riba. Watu wanadhani ni za matajiri, kumbe unaingia kwa kuanzia shilingi milioni 1, kupitia benki yako au dalali wa hisa, wanakufungulia akaunti na kukuwekea zabuni Benki Kuu. Mwaka 2021 nilipata oda ya vitanda vya bweni, faida ikawa nzuri. Kila mtu alinishauri ninunue kirikuu cha kubebea mbao. Nikaweka milioni 4 kwenye hatifungani ya miaka 25 iliyotoka mwaka huo kwa riba ya 15.95%. Riba yake ni 638,000 kwa mwaka, inaingia mara mbili, 319,000 kila baada ya miezi sita. Mwaka uliofuata riba ya hatifungani mpya za miaka 25 ilishushwa ikawa 12.56%, lakini ya kwangu imebaki vilevile mpaka 2046, nitakapokuwa na miaka 74. Siku riba ilipoingia mara ya kwanza nilikuwa juu ya paa la mteja napigilia kenchi, simu ikatetemeka mfukoni. Nilishuka nikakaa chini nikausoma ule ujumbe mara tatu. Fedha imeingia na mkono wangu haujagusa nyundo kwa ajili yake. Natamani kila fundi aionje siku hiyo.

Kuhusu vyumba vya kupangisha nitasema ukweli ninaoujua. Ninavyo viwili Chanika, vinanisaidia. Lakini kabla ya hivyo nilinunua kiwanja kingine kwa karatasi ya mauziano tu, na aliyeniuzia alikuwa ameshamuuzia mtu mwingine miezi mitano kabla. Fedha ya miaka mitatu ikapotea. Msinunue ardhi bila kwenda kuuliza ofisi ya ardhi, hata kama muuzaji ni mtu mnayesali naye. Na vyumba vinataka miguu: choo kimeziba, mpangaji amehama usiku, bati limevuja. Nikiwa na 53 naweza kupanda daladala mbili kwenda Chanika kubishana juu ya kodi. Nikiwa na 75 sijui. Kwa laki nne kwa mwezi, dada, ukianza na ujenzi utakaa miaka nane na msingi uliojaa majani, na miezi yako yote itakuwa imekwenda.

Kikoba endelea nacho kwa ajili ya mtaji. Sikihesabu kwenye uzee kwa sababu kila mwisho wa mwaka kinavunjwa, na Desemba ina mambo yake.

Bima ya afya usiiache nyuma. Kazi zetu zinatudai mwilini. Mimi vumbi la mninga limeshanikaa kifuani, nakohoa kila alfajiri. Wewe dawa za nywele na kusimama kutwa vitakudai miguu na mapafu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, fuatilia vifurushi vinavyotoka. Akiba nyingi za wazee nilioona zikiyeyuka ziliyeyukia hospitali.

Jambo la mwisho ambalo hukuuliza: saluni yenyewe. Tunajiandaa kana kwamba siku ya kustaafu tutafunga mlango na kuondoka, wakati biashara uliyoijenga miaka thelathini ina thamani kama utamwandaa mtu wa kuishika. Yule mzee wangu karakana yake ilikufa siku macho yalipokufa, mafundi tisa wakatawanyika, mashine zikauzwa kwa bei ya chuma chakavu. Mimi nina kijana niliyemfundisha tangu akiwa na miaka 19. Tumekubaliana kwamba 2027 anachukua karakana, wateja na mashine zote, na atanilipa kila mwezi kwa miaka minane mpaka ziwe zake. Mzee ataendelea kuletewa miguu ya viti na kulipwa kama kawaida kwa muda wote atakaotaka kuja. Tumeandikishana, nakala moja anayo yeye, nyingine ninayo mimi, ya tatu iko ofisi ya serikali ya mtaa.