Hoteli karibu na stesheni kuu ya Frankfurt

Dada, umeuliza kama uchukue hiyo hoteli ya bei nafuu karibu na stesheni kuu ya Frankfurt au uikimbie. Chukua, ila uliza kwanza iko barabara gani. Mtaa wenyewe, Bahnhofsviertel, haujasingiziwa. Taunusstraße, Elbestraße na Niddastraße utakuta madanguro, na watu wanavuta kokeini mchana kweupe. Mji umewafungulia vyumba maalumu vya kutumia dawa chini ya uangalizi, na vipo mtaani humohumo. Inatisha macho, lakini wengi wao hawana habari na wewe. Wa kumwogopa ni mwizi wa mfukoni, hasa ndani ya stesheni ukiwa unahangaika na masanduku.

Kaiserstraße na Münchener Straße zina watu na taa hadi usiku. Hiyo ya pili ina migahawa ya Waturuki, chakula cha halali hakisumbui. Gutleutstraße, upande wa kusini, pametulia zaidi. Omba chumba cha juu kinachotazama uani, maana kelele zitakunyima usingizi kabla vibaka hawajakuona.

Toka uwanja wa ndege, treni ya S8 au S9 ni kama robo saa tu, teksi ya nini? Ila ukienda Oktoba wakati wa maonyesho ya vitabu, bei hupanda hata kwa vyumba vya ovyo. Hapo lala Offenbach, mji wa jirani, treni hizohizo zinafika.