Kabla Hujalipa Ada ya Kozi ya Kuongoza Ndege

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, wazazi huanza kunipigia: mtoto ana PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), anataka kuwa mwongoza ndege, ajira ipo? Nami huwauliza: akimaliza, nani atampandisha mnarani, kule ndege zinakoongozwa?

Maana cheti cha chuo si leseni. Tanzania utasomea CATC, Dar es Salaam, chuo kilicho chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA). Wakenya wana chuo chao Embakasi. Utafundishwa sheria za anga, hali ya hewa, na namna ya kutenganisha ndege zisikaribiane, kwanza kwenye makaratasi, kisha kwenye simuleta, mtambo unaoigiza kazi halisi. Leseni inadai zaidi: uwe umetimiza miaka 21, upimwe afya daraja la tatu, Kiingereza kisipungue ngazi ya nne ya kipimo cha kimataifa cha anga, halafu ukae kazini pembeni ya mwongozaji mwenye leseni, ambaye akiona mambo yanaharibika anachukua maiki. Hapo ndipo wengi hukwama. Kiti hicho cha mafunzo kiko kwa mwajiri, na kwa Tanzania mwajiri ni TCAA. Ukijilipia ada mwenyewe, unaweza kuhitimu vizuri ukabaki unasubiri tangazo la Sekretarieti ya Ajira, huku ulichojifunza kinafifia.

Kwa hiyo, ukipata nafasi ya kusomeshwa na mwajiri, usiichezee. Ukijisomesha, jiwekee mlango wa pili. Mashirika ya ndege yanahitaji maofisa wa kupanga safari, na hali ya hewa na sheria za anga ulizosoma zitakufaa huko, ingawa leseni yake ni nyingine. Kuhusu nchi za Ghuba ya Uarabuni, ambako kila kijana anaota kwenda: nafasi hutangazwa, ila wanataka mtu mwenye uzoefu na idhini iliyo hai, yaani ruhusa ndani ya leseni ya kuongoza ndege mahali fulani. Idhini yenyewe inafungamana na kituo. Ukitoka mnara wa Dar ukahamishiwa Mwanza, unajifunza anga ya Mwanza na kupimwa upya. Ukikaa miezi sita bila kuongoza, inakufa.

Nani anaiweza kazi hii? Si lazima awe bingwa wa hesabu. Darasani kwetu alikuwapo mmoja aliyetuacha mbali kwenye mitihani ya kuandika, lakini simuleta ikimwongezea ndege anapoteza picha ya kila ndege ilipo, ananyamaza. Rubani hawezi kuegesha angani akusubiri ufikirie. Wanaofika mbali ni wale wanaokosea, wanasahihisha palepale, wanaendelea na ndege inayofuata bila kujilaumu. Majuto yasubiri zamu iishe.

Kiingereza nacho kinatisha watu bure. Cha redioni ni kifupi, kina maneno yake, na rubani lazima akurudie ulichomwambia. Kazi yako ni kusikia kama amerudia sawasawa, awe Mchina, Mfaransa au Mhabeshi. Zoeza masikio kabla ya ulimi. Ukiwa ngazi ya nne unapimwa tena kila miaka mitatu.

Zamu za usiku na za sikukuu sizungumzii sana. Utazizoea, mwenza wako ndiye atakayechelewa kuzizoea.

Jambo la kufanya wiki hii, kabla hata ya kuchukua fomu: nenda kwa daktari anayetambuliwa na mamlaka ya anga, upime masikio, macho, na uwezo wa kutofautisha rangi. Ni heri kujua sasa kuliko baada ya ada kuingia benki.