Ndoo ya lita 20 isubiri kwanza

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa miaka 41, naishi Majengo hapa Moshi, nina duka dogo la rejareja. Wiki tisa zilizopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa tumbo. Nilikuwa na kilo 128, leo mzani unasoma 107. Nafurahi, ila mwili umelegea. Kunyanyuka kwenye kochi mpaka nijisukume kwa mikono, na ngazi za kwenda kwa wifi yangu zinanichosha kuliko nilipokuwa mnene. Daktari kasema naweza kuanza mazoezi taratibu, basi, hakufafanua. Jimu naona aibu. Juzi nilibeba ndoo ya maji ya lita 20 nikasikia kitu kimevuta juu ya kitovu. Nianzie wapi hapa hapa nyumbani, na vyuma sina? Na hii ngozi ya mikono inayoning'inia, itarudi? Natumia pia dawa za presha. – Mama Glory

JIBU: Marahaba, Mama Glory. Hongera, na pole ya ndoo.

Tuanze na hiyo ndoo. Lita 20 za maji ni kilo 20, bado hujahesabu plastiki yenyewe. Mpagazi wa Mlima Kilimanjaro haruhusiwi kubeba mzigo unaozidi kilo 20, na huyo ni kijana ambaye hajapasuliwa mahali. Nayajua haya kwa sababu kabla ya kusomea fiziotherapia nilikuwa mpagazi, njia ya Machame. Siku moja mzani wa getini ulisoma 20 safi. Tulipolipita geti, msimamizi wetu akanibandika na mtungi wa gesi juu. Nilibana pumzi nikanyanyua. Nikasikia kitu kimevuta, hivyo hivyo ulivyoandika wewe. Ilikuwa ngiri. Nilishushwa mlima siku ya pili na nikaishia kushonwa, na msimamizi hakuja hata kunijulia hali.

Sisemi kwamba na wewe una ngiri. Ila leo jioni lala chali, weka vidole juu ya kitovu na kwenye makovu yale madogo, kisha inua kichwa kidogo na ukohoe. Ukisikia kivimbe kinasukuma vidole, usianze zoezi lolote. Rudi kwa daktari aliyekupasua. Kivimbe kikiwa kigumu, kinauma na hakirudi ndani, au unatapika, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kufunga duka. Hata usipokuta kitu, mpigie umweleze. Maji wachote vijana wa nyumbani kwa sasa.

Sasa huo ulegevu. Mwili unaopungua kilo 21 kwa wiki tisa hauchomi mafuta peke yake, unakula na misuli. Mapaja yako yalizoea kubeba kilo 128 kila siku, hilo lilikuwa zoezi bila wewe kujua. Sasa mzigo umepungua na chakula kimepungua, basi misuli nayo inaaga. Dawa yake ni mbili: protini na kuilazimisha misuli ifanye kazi. Ukifanya ya pili bila ya kwanza unajichosha bure.

Waliofanyiwa upasuaji kama wako kwa kawaida huambiwa wafikishe gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Kwa tumbo dogo hiyo ni kazi kweli. Mayai mawili ni gramu 12 hivi. Kikombe cha mtindi, 8. Kuku asiye na mfupa, kipande cha ukubwa wa kiganja ukikigawa mchana na jioni, kama 25. Dagaa wakavu wa kujaa konzi, 12. Kikombe cha maziwa kabla ya kulala, 8 tena. Jumla 65, umefika. Najua ndugu wanakuletea mtori, maana kwetu mtu akitoka hospitali ni mtori tu. Unywe, lakini ujue kilichojaa mle ni ndizi, na ndizi ni wanga. Waambie wazidishe nyama na waisage humo humo. Kula protini kwanza, ndizi ikipata nafasi sawa. Maji usinywe pamoja na chakula; subiri nusu saa, kisha funda dogo dogo siku nzima.

Mazoezi. Chukua kiti cha mbao cha mezani, kiegemeze ukutani. Kile cha plastiki cha kukodi kwenye sherehe hapana: miguu yake hutanuka na kwenye malumalu kinateleza. Kaa ukingoni, nyayo zote chini, usawa wa mabega. Simama huku ukitoa pumzi kwa mdomo kama unayepuliza chai ya moto. Rudi kukaa ukihesabu moja, mbili, tatu, usijibwage. Hapo kwenye kushuka ndipo paja linapojengeka, na ndipo watu wote wanapodanganya. Mwanzoni shika mapaja kama huwezi. Mara nane, pumzika dakika mbili, mara nane tena. Siku ya kwanza seti mbili zinatosha, hata ukijiona una nguvu.

Baada ya hapo simama hatua moja kutoka ukutani, viganja ukutani, fanya pushapu za kusimama, mara nane. Kisha nenda kwa fundi baiskeli, muombe mpira wa ndani uliochakaa. Uoshe, ukate uwe kamba, uzungushe kwenye nondo za dirisha, uvute viwiko nyuma kama unayekamua ng'ombe wawili kwa mpigo. Huo ndio mgongo. Kote huko sheria ni ile ile: pumzi inatoka unapotumia nguvu. Ukijikuta umebana pumzi, zoezi ni zito, lipunguze. Sitapu za kulala usiziguse mpaka daktari akague tumbo.

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, nusu saa kabla ya kufungua duka. Siku nyingine tembea. Wiki ya tatu, daktari akisema tumbo liko salama, shika chupa mbili za maji za lita moja unaposimama kutoka kitini. Kila chupa ni kilo moja, hakuna kipimo cha bei nafuu kuliko hicho.

Presha usiipuuze. Uzito ukishuka, presha nayo hushuka, na vidonge vya zamani vinaweza kuwa vikali kwako sasa. Ukisimama ukaona kizunguzungu, kaa chini, na wiki hiyo hiyo nenda ukapimwe. Usiache dawa mwenyewe. Aliyekuandikia ndiye atakayepunguza.

Kesho yake misuli itauma, siku mbili tatu. Usikimbilie duka la dawa kununua diklofenaki au ibuprofeni kama tulivyozoea: kwa tumbo lililokatwa, dawa hizo zinaweza kuleta vidonda. Paracetamol ndiyo ya kwako, au uvumilie tu.

Ngozi ya mikono haitarudi yote kwa mazoezi, nisikudanganye. Msuli ukijaa utaijaza kidogo, basi. Na jimu usiione aibu milele, ila kwa miezi miwili hii huna haja nayo, hela hiyo nunua mayai.

Ukifikisha mara 12, seti tatu, bila kushika mapaja, na daktari ameshalikagua lile tumbo, niandikie tena. Nitakufundisha kuinua ndoo, tukianza na ya lita tano.